Gitaa la tatu: shajara ya gitaa langu la kwanza la umeme

Jumamosi, 8 Februari 2025

Limefika nyumbani. Nimelibeba kwa mkono toka Kariakoo hadi stesheni ya SGR, na boksi likasimama katikati ya magoti yangu mpaka Morogoro. Abiria wa kiti cha pili aliuliza kama ni meza ya kupigia pasi. Nikasema ndiyo. Sikutaka maswali, nilitaka kufika.

Naandika nilipoanzia ili baadaye nisijidanganye. Nina miaka 41, ni mwalimu wa sekondari, napiga gitaa kavu tangu kidato cha pili. La umeme nimewahi kushika la kuazima tu, kwenye harusi, mwenyewe akiwa amesimama kando kama mzazi aliyekuachia mtoto mchanga umbebe. Hili ni la kwanza kuwa langu: shilingi 620,000 dukani, bila kupunguziwa hata mia, na ampu (kikuza sauti) ya mtumba ya wati 20 kwa 190,000. Umbo lake ni la Stratocaster, lile ambalo kampuni ya Fender walilitoa mwaka 1954, ila jina lililoandikwa kichwani si lao na bei pia si yao. Jekundu. Mke wangu amelitazama, akasema linang'aa kama bajaji mpya.

Mradi ni huu. Sitaki kuwa mpiga solo. Ukisikiliza rekodi za rumba ya Kikongo, au bendi zetu za dansi za miaka ya 1970 na 1980, utasikia kuna gitaa la rhythm linalotembea chini, gitaa la solo linalosimulia juu, na katikati kuna kitu kinametameta, kinazunguka palepale bila kuchoka. Hilo ndilo gitaa la tatu. Bendi zetu ziliita second solo. Wakongo wana namna yao ya kulifunga nyuzi wanayoiita mi-kompoze: uzi wa nne, ule mnene wa re, unatolewa, unawekwa uzi mwembamba uliotyuniwa re ya juu zaidi, oktava moja nzima. Kwa miaka mingi nimejaribu kuiga sauti ile kwa gitaa kavu, na mwishoni huwa nimepata kelele za ugomvi. Nimejipa miezi miwili.

Leo sijalichomeka. Nimelilaza kitandani, nikakaa kulitazama.

Jumapili, 9 Februari

Nimelichomeka. Dakika kumi za kwanza zilikuwa furaha tupu, dakika ya kumi na moja nikaanza kujisikia.

Gitaa kavu linakufichia mengi. Ukilipiga kwa nguvu, ubao wa kifua unameza makosa, wasikilizaji wanasikia shangwe. Hili halimezi. Kila uzi nilioacha ukilia bila kukusudia, ampu iliutangaza mpaka barazani. Nikitoka kodi moja (noti kadhaa zinazolia pamoja) kwenda nyingine vidole vinakwaruza nyuzi nene, na mkwaruzo nao unatoka spikani kama mtu anayefungua zipu ya begi.

Halafu kuna jambo ambalo sikulitegemea kabisa: kodi ya G, niliyoipiga maisha yangu yote, ilikuwa haisikiki sawa ingawa nyuzi nimezityuni. Nimehangaika nusu saa ndipo nikaelewa. Gitaa langu kavu lina nyuzi zinazoanzia 12, yaani unene wa sehemu 12 kati ya elfu moja za inchi. Hili limekuja na seti ya 9 hadi 42. Mkono wangu wa kushoto umezoea kukamata kama anayeshika jembe. Nyuzi nyembamba ukizibana namna hiyo zinajivuta, sauti inapanda. Gitaa liko sawa, vidole vyangu ndivyo vizito.

Jioni nilimpigia mjomba Kilosa. Mjomba alipiga rhythm miaka karibu ishirini katika bendi ya shirika moja la umma. Nilidhani atauliza lina pikapu ngapi, vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi.

"Shikamoo mjomba. Nimenunua gitaa la umeme."

"Marahaba. Risiti imeandikwa jina la nani?"

"Langu."

Akanyamaza kidogo. Kisha akanieleza kitu ambacho sikuwa nakijua, pamoja na hadithi zote za bendi alizonipa tangu nikiwa mtoto. Vyombo vilikuwa vya shirika. Stoo kulikuwa na daftari: namba ya gitaa, saa ya kutoka, saa ya kurudi, saini. Ukitoka kwenda bendi nyingine unaondoka na vidole vyako tu. Miaka ishirini yote ile hakuwahi kuwa na la kwake.

"Sasa wewe mpwa wangu," akasema, "usiku linalala wapi?"

Jumatano, 12 Februari

Mngurumo. Nikiwasha ampu, kabla sijagusa uzi, kuna sauti nzito kama friji kuukuu. Nikishika nyuzi inapungua, nikiachia inarudi. Nimesoma, nimejaribu, haya ndiyo niliyoyaona kwa masikio yangu.

Pikapu za gitaa la namna hii ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mizunguko, koili moja moja. Koili hiyo hainasi uzi peke yake. Inanasa na umeme wa nyumba, ambao kwetu unatikisika mara 50 kwa sekunde. Nikigeuka na gitaa kuelekea dirishani mngurumo unashuka, nikigeukia chaja ya simu unapanda. Nilizunguka sebuleni kama mtu anayetafuta kibla. Swichi ina nafasi tano, na katika nafasi ya pili na ya nne, pale pikapu mbili zinapofanya kazi pamoja, mngurumo karibu wote unatoweka, kwa sababu koili ya katikati imezungushwa kinyume na wenzake na zinafutana. Inachekesha kwamba Stratocaster za mwanzo zilikuwa na swichi ya nafasi tatu tu. Wapigaji wenyewe ndio waliokuwa wakiikwamisha katikati kupata sauti hizo, na kiwandani nafasi tano ziliwekwa rasmi mwaka 1977.

Nafasi ya nne, pikapu ya shingoni na ya katikati, ndiyo sauti ninayoitafuta. Safi, yenye kitobo katikati, kama imepigwa ndani ya mtungi. Nimeifunga hapo kwa kipande cha selotepu.

Lakini nyuzi zilinichoma kidogo, na hilo halikunipendeza. Kidole kilipogusa uzi huku miguu iko wazi sakafuni nilihisi kimchomo. Nikazima kila kitu.

Alhamisi, 13 Februari

Fundi umeme amekuja, amefungua soketi ya ukutani. Waya wa ethi ulikuwepo, kijani na njano, umekunjwa vizuri nyuma ya soketi, haujaunganishwa popote. Umekaa hivyo tangu tuhamie, miaka sita. Ameuunganisha, amekagua na soketi nyingine, amechukua elfu ishirini na tano. Mchomo umeisha na mngurumo umeshuka kwa kiasi cha kusikika.

Ningependa kila anayenunua chombo cha umeme aanze na hili kabla ya kupiga noti hata moja. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na ampu, na ampu imeunganishwa na ukuta. Mwimbaji aliyeshika gitaa akagusisha mdomo kwenye maiki iliyochomekwa upande mwingine wenye hitilafu anaweza kupigwa shoti ya kumuua. Mjomba anasema kwenye bendi walikuwa wanavisha maiki soksi. Nilidhani ilikuwa urembo.

Jumamosi, 15 Februari

Siku ya bisibisi. Gitaa jipya la bei hii halijaja likiwa tayari, limekuja likiwa na uwezo wa kuwa tayari.

Kwanza shingo. Ndani yake kuna mchuma mrefu unaokazwa kwa alenki upande wa kichwani. Shingo inatakiwa iwe na upinde mdogo sana kuelekea nyuzi. Nilibana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vichuma vinavyokatiza shingo) na ile ya mwisho, nikapima nafasi iliyobaki katikati, karibu na freti ya saba. Inatakiwa kama robo ya milimita. Vile vibati vya chuma ambavyo mafundi wa pikipiki hupimia valvu ndivyo vinavyofaa, na fundi wa kijiweni hapa Kihonda aliniazima vyake baada ya kuniuliza mara mbili kama gitaa lina valvu. Yangu ilikuwa karibu nusu milimita. Robo ya mzunguko kwenda kulia, subiri, pima tena. Robo nyingine. Ikatosha.

Kisha urefu wa nyuzi juu ya freti ya 12: nimeshusha hadi milimita 1.6 upande mwembamba, 2 upande mnene. Mwisho, kusawazisha oktava. Freti ya 12 iko nusu kamili ya uzi, milimita 324 kati ya 648, hivyo noti yake inapaswa kulingana na ile ya kengele unayoipata kwa kugusa uzi palepale bila kuubana. Ikiwa juu, kibebeo cha uzi huo kule darajani, nyuzi zinapokalia mwilini, kinarudishwa nyuma. Ikiwa chini, kinasogezwa mbele. Nyuzi sita, saa mbili. Nilipomaliza, kodi ya G ilikaa kimya mahali pake, nikajiona fundi.

Jumamosi, 22 Februari

Uzi wa nne.

Nimeutoa ule mnene, nikaweka 9 nyingine mpya, nikaityuni polepole hadi re ya juu. Hesabu yake ni nyepesi: uzi wa kwanza ni mi yenye mitikisiko 330 kwa sekunde, re hii ni kama 294, hivyo uzi uleule wa kwanza ukilegezwa sauti moja unafika bila kukatika.

Nikapiga kodi. Vurugu. Nyuzi tano nyingine zote zilikuwa zimepanda, kila moja kwa kiasi chake. Nikatyuni tano, wa nne ukapanda. Nikatyuni wa nne, tano zikahama. Nimezunguka hivyo saa nzima, kama kuku anayefukuza mkia asiokuwa nao, mpaka LUKU ikaisha uniti na nyumba ikaingia giza. Hapo gitaa halina lawama, wala mtu mwingine. Mtoto alikuwa ameniambia mchana kwamba mita inalia.

Jumapili, 23 Februari

Nimeelewa, na nilielewa nikiwa nimelala.

Daraja la gitaa hili halijafungwa mwilini, linaelea. Mbele linavutwa na nyuzi sita, nyuma linavutwa na springi tatu zilizo ndani ya shimo la mgongoni, na pande mbili zikilingana ndipo linatulia. Uzi wa nne wa kawaida huvuta kilo 7 hivi. Uzi wangu mwembamba kwa re ya juu hauvuti hata kilo 5. Nyuzi zikapungukiwa na zaidi ya kilo 2, springi zikashinda, daraja likainamia nyuma na kuzivuta zilizobaki. Ni mizani ya sokoni tu! Nafundisha fizikia kidato cha tatu, nimeandika mizani ubaoni mara zisizohesabika, na bado nilihangaika saa nzima gizani.

Dawa yake: nimefungua kifuniko cha mgongoni, nimekaza skrubu mbili zinazoshika springi mpaka daraja likalala gorofa mwilini, halina pa kwenda. Ule mkono wa kutikisa sauti sasa unashusha tu, haupandishi, na mimi siuhitaji hata kidogo. Umeingia kwenye droo ya vijiko. Daraja liliposhuka nyuzi nazo zilishuka na kuanza kugonga freti, hivyo vibebeo vyote vimepanda tena. Kibebeo cha wa nne nimekisogeza mbele sana, karibu usawa wa kile cha kwanza, kwa sababu uzi mwembamba hauhitaji urefu wa ziada ambao ule mnene ulihitaji. Kazi yote ya wiki iliyopita nimeirudia.

Likatulia, nikapiga kodi ya C polepole, uzi kwa uzi. Kwenye kodi ya C kidole cha kati kinabana uzi wa nne freti ya pili. Zamani hiyo ilikuwa mi ya chini. Sasa ni mi ileile ya uzi wa kwanza ulio wazi, sauti moja katika nyuzi mbili, na tofauti ndogo kati yao inafanya kitu kama mwanga juu ya maji. Ndiyo ile! Ndiyo niliyoitafuta kwa gitaa kavu nikadhani ni spidi ya vidole. Spidi haihusiki hapo. Ukipiga nyuzi kwa mfuatano, nne, tatu, mbili, sauti zenyewe hazifuatani: inaanza juu, inadondoka, inapanda kidogo. Mkono unatembea njia iliyonyooka, wimbo unaruka. Nilipiga C na F na G tu hadi mke wangu akaniomba niongeze kodi nyingine, yoyote.

Jumatano, 26 Februari

Uzi wa nne ukiwa wazi unazizima kama nyuki ndani ya kopo. Chanzo kiko juu, kwenye kile kipande cheupe nyuzi zinapopita kabla ya kuingia kichwani. Mjomba hukiita mfupa. Mfereji wake ulichongwa kwa uzi mnene, huu mwembamba unacheza ndani. Nimeujaza bekingi soda kidogo, nikadondoshea tone moja la supa gluu, ukagandamana papohapo kuwa kigumu kama jiwe na moto kidogo. Nimechonga mfereji mpya kwa kiwembe, taratibu, nikijaribisha uzi kila baada ya mikwaruzo michache. Nyuki ametoka.

Nimempigia mjomba nikamwekea simu karibu na ampu. Amesikiliza kimya, kisha: "Unapiga kama unajibu mtihani. Gitaa hilo halijibu, linauliza swali lilelile muda wote." Halafu akasema Ramadhani inaingia, nilifunike, tutaongea baada ya Idd. Bendi yao nayo ilikuwa inafunga vyombo stoo mwezi mzima, na stoo kipa alikuwa anaondoka na ufunguo kwenda kwao.

Jumamosi, 5 Aprili

Idd imepita, masika imeshika, Uluguru haionekani kwa mawingu. Nimefungua mfuko nikakuta nyuzi nyembamba zina madoa ya kutu na zinakwaruza vidole. Kosa langu: nililifunika bila kulifuta jasho. Seti mpya, na uzi mmoja wa ziada wa 10 kwa ajili ya nafasi ya nne, kwa kuwa ile 9 ilikuwa inalegea mno kwa re. Imekuwa bora, ina mwili. Nimeokota vile vipakiti vya kunyonya unyevu kwenye maboksi ya viatu ya nyumba nzima, nimevitia mfukoni.

Kitu kimebadilika bila mazoezi. Mwezi wote nilikuwa nasikiliza tu, baada ya tarawehe, spika ya masikioni upande mmoja. Mji huu ulikuwa na Morogoro Jazz, na Mbaraka Mwinshehe aliwapigia solo kabla ya kuanzisha Super Volcano mwaka 1973. Watu wakimtaja hutaja solo. Safari hii niliwasikiliza waliokuwa pembeni ya wapiga solo, wa bendi yoyote ile. Karibu wote wanapiga kidogo kuliko nilivyodhani. Kiganja cha kulia kimelala juu ya daraja, kinazima kila noti mara tu inapomaliza kazi. Leo nimepiga dakika arobaini kwa C na F na G, kiganja kimelala, na kwa mara ya kwanza ampu haikunisema.

Jumamosi, 12 Aprili

Mjomba amekuja toka Kilosa, amefika Msamvu saa nne na begi dogo. Chai kwanza. Kisha maembe. Kisha habari za mashamba na za mvua. Hakuligeukia gitaa hata kidogo, ingawa liko kwenye stendi mbele yake, jekundu vile. Alasiri ndipo akanawa mikono, akaifuta kwa kanga ya mke wangu, akasema, "Lete."

Miaka zaidi ya thelathini hajashika la umeme. Vidole vimekakamaa, kile cha mwisho hakikunji vizuri. Alipiga kodi, akashtukia uzi wa nne, akacheka. "Umelipika kweli." Kisha akaanza rhythm, kwa upole, na nikachukua gitaa kavu nikamfuata, halafu tukabadilishana, nikampigia mzunguko wangu. Aliusikiliza, akanishika kiganja na kukisogeza upana wa kidole kimoja kuelekea darajani. Hilo tu. Sauti ikakauka, ikawa punje punje.

Jumapili, 13 Aprili

Jana usiku niliwaacha, yeye na gitaa, chumba cha wageni. Alfajiri baada ya swala nilipita koridoni nikasikia nyuzi, ampu imezimwa, vile vinavyolia vidogo kama panzi. Nilirudi kulala.

Asubuhi nikamwambia abaki nalo wiki nzima, aende nalo Kilosa, mimi nitalifuata Jumamosi. Alilifunga mfuko polepole, akaangalia zipu mara mbili. Halafu akapapasa mfuko wa shati kutafuta kalamu.

"Nisaini wapi?"